Taa ya Mama Mkwe

Shemeji aliteremka kwenye gari lake akiwa amebeba pakiti ya nepi za watu wazima ndani ya mfuko unaoonyesha kilichomo. Angekuwa mwizi angeificha kwapani. Lakini yeye alikuwa mtoto mwema, na mtoto mwema hana cha kuficha, kwa hiyo aliipitisha mbele ya kibanda cha fundi, mbele ya wateja waliokuwa wakisubiri simu zao, mbele ya jirani aliyekuwa akianika mashuka, akaingia nayo sebuleni na kuibwaga mezani kando ya vikombe vya chai.

"Nimemletea mama," alisema. "Hizi si zile za bei rahisi. Hazivuji."

Mama mwenyewe alikuwa papo hapo kochini, nyonga iliyovimba imeegemezwa mto. Aliitazama picha ya bibi kizee juu ya ile pakiti, bibi anayecheka mpaka masikioni kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Asante mwanangu," alisema. "Mungu akuzidishie."

Binti yake, mke wa fundi, aliichukua ile pakiti, akaipeleka chumbani, akaisukumia chini ya kitanda na kuifunika kanga. Aliporudi alimkuta kaka yake keshaanza hotuba.

"Mimi sisemi kwa ubaya. Nasema, safari hii ni nyonga tu, tumeshukuru. Akianguka tena namchukua. Kwangu kuna nafasi, kuna choo ndani ya chumba, nitamwekea msichana wa kumwangalia. Si haki mzee kutambaa gizani kama mende."

"Hakutambaa," alisema fundi. "Alianguka."

"Wewe shemeji nyamaza, hapo kwenye kuanguka ndipo penye kesi."

Fundi alirudi kwenye kikombe chake cha chai. Kibandani kwake pameandikwa kwa rangi nyekundu FUNDI VYOTE, na mtaani ndilo jina lake, Vyote. Mkewe husema ni vyote isipokuwa bomba la jikoni, mlango wa kabati na ile pasi ya jirani iliyokaa mpaka mwenyewe akahama. Fundi ndiye anayecheka wa kwanza. Alisoma kozi ya umeme iliyofungwa katikati baada ya mwalimu kukimbia na ada, na huwaambia wateja wake kwamba yeye ni nusu mhandisi, ila hajajua bado ni nusu ipi.

Lakini siku ile hakucheka. Korido ya nyumba yake ilikuwa ndefu na nyembamba, kutoka chumba cha mama hadi chooni, na kabla ya choo kuna ngazi moja ya kushuka. Swichi ya taa iko upande wa chooni, kwa sababu aliyejenga nyumba ile aliamini mtu huanza safari akiwa ameshafika. Na hata ukiifikia, umeme wenyewe usiku huja kwa hisani. Walimpa mama tochi, ikamshinda. Alieleza vizuri tu sababu: mkono mmoja wa fimbo, mmoja wa ukuta, wa tochi utatoka wapi? Wakamwambia awe anamwamsha binti yake. Akasema hakuzaa mtu ili amwamshe aje kumshika nguo.

Kaka mtu alipoondoka, mama alibaki akiuangalia mlango.

"Kule kwake ni ghorofani," alisema taratibu. "Ukishapandishwa umepandishwa. Nitakuwa kama sahani za wageni."

"Hutakwenda, mama," alisema binti yake.

"Nikianguka nitakwenda. Si umesikia?"

"Hutaanguka," alisema fundi, na kwa kuwa ulimi wake una desturi ya kutangulia, akaongeza: "Nitatengeneza taa. Inayokuona yenyewe. Ukitokea tu mlangoni, inawaka. Ukishapita, inazima. Haihitaji swichi wala umeme wa ukutani. Betri tu."

Mkewe alinyoosha kidole kuelekea jikoni.

"Baba watoto," alisema, "anza na bomba."

* * *

Kusema kweli wazo halikuwa baya. Kibandani alikuwa na jicho, hivyo ndivyo alivyoliita, kidude chenye kuba jeupe la plastiki lililofanana na nusu ya mpira wa tenisi ya mezani. Alilichomoa kwenye taa ya geti iliyopigwa na radi. Jicho la namna hiyo halioni sura, linaona joto. Kitu chenye joto kikikatiza mbele yake, linatoa kaumeme kadogo, kadogo kiasi cha kutowasha chochote. Hako kaumeme anapewa transista, naye transista kazi yake ni kama ya mlinzi mwenye ufunguo: akiguswa bega tu, anafungua geti, na umeme wa betri unapita kwenda kwenye vitaa vya LED. Ukiongeza na kidude kingine kinachojua mchana na usiku, taa haitawaka jua likiwepo. Yote hayo fundi aliyajua, au aliwajua wengi wanaoyajua.

Taa ya kwanza iliwaka mchana kutwa na kukataa kuwaka gizani. Aligeuza kidude cha mchana na usiku, akamwambia mkewe lilikuwa jaribio la makusudi.

Ya pili iliwaka vizuri, ila betri zilikufa upesi mno. Alitafuta tatizo kila mahali, akabadilisha rezista zinazobana umeme, akalehemu upya kila kiungo, akailaumu kampuni ya betri na jirani yake muuza betri pamoja na mama mzazi wa muuza betri. Mwisho mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule pembeni, aliuliza:

"Na hicho kitaa chekundu ni cha nini?"

"Hicho ni cha kuonyesha kwamba taa ipo tayari."

"Kinawaka muda wote?"

"Muda wote."

"Kinakula betri?"

Fundi alikitazama kile kitaa chekundu. Alikuwa amekiweka kwa sababu vitu vya dukani vinakuwa nacho.

"Mama watoto," alisema, "wewe ungekuwa fundi mimi ningekuwa na adabu."

Ya tatu ikafaulu. Aliijaribu kwenye stoo, blanketi limetundikwa dirishani. Alipita yeye, ikawaka. Akapita mkewe na ndoo, ikawaka. Akamwita muuza betri, kwa kumtaka radhi, ikawaka. Paka alipita kwa shughuli zake, ikawaka pia, na fundi akashangilia kuliko mwenye paka.

Mtu mmoja hakumjaribu. Lakini angemwambiaje? Amwambie mzee wa watu, mama wa mkewe, aliyemwoza binti yake kwake wakati yeye ana bisibisi moja tu: "Mama, hebu simama utembee kwenda chooni, nikuangalie"? Ulimi ule ule unaotangulia uligoma. Alijipimia mwenyewe. Aliipigilia taa mwisho wa korido, ikitazama mlango wa mama, usawa wa kifua chake, maana ndicho kifua alichokuwa nacho. Akahesabu mwendo wake wa kwenda na kurudi, akarekebisha taa izime baada ya hapo. Kisha akajipigia makofi, mwenyewe, koridoni.

Asubuhi ya kwanza alimsubiri mama mezani kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Mama, taa imewakaje?"

"Imewaka, mkwe wangu. Imewaka kama mchana."

"Haijakuumiza macho?"

"Hata kidogo. Una mikono ya baraka."

Ikawa hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi fundi aliongezeka kimo. Kibandani aliongeza maandishi, TAA ZENYE AKILI ZIPO, ingawa ilikuwapo moja na alishaitundika. Aliwaambia wateja jinsi betri zake zisivyopungua. "Mtu anaamka, anakwenda, anarudi, na betri ziko vile vile! Huo ndio ubunifu, ndugu zangu."

Ni mkewe aliyeuliza, siku moja akimkung'uta mama bega, mbona nguo zake zina chokaa kila siku. Fundi alisema ni ukuta mbovu, unahitaji rangi. Mama alisema kweli, ukuta mbovu. Wakakubaliana wote kuulaumu ukuta.

* * *

Shemeji alirudi Jumapili baada ya ibada, tumbo mbele, na habari kwamba chumba kipo tayari na msichana keshapatikana. Yeye ni muuza vigae, na wauza vigae hawaji mikono mitupu: alikuwa na sampuli mfukoni, kama kawaida.

"Lakini hajaanguka," alisema dada yake.

"Bado."

"Kuna taa sasa, kaka. Vyote ametengeneza."

Shemeji alimtazama fundi kama mtu anayeangalia kigae chenye ufa na kuambiwa ni mapambo. "Ametengeneza yeye?"

"Jaribu mwenyewe," alisema fundi, na hapo ndipo alipojichimbia shimo.

Ilikuwa mchana, kwa hiyo giza lilibidi litengenezwe. Milango ya vyumba ilifungwa. Pazia la sebule likavutwa na mlango wake, ulio kando ya chumba cha mama, ukafungwa. Kukabaki tundu la hewa la chooni, linalomwaga mwanga koridoni kote, na pale hapakuwa na msumari. Fundi akaamua kuliziba kwa lile blanketi la stoo, akilishikilia kwa mikono. Akasimama juu ya ngazi ya chooni, mikono juu kama aliyekamatwa, huku akiamriwa na sayansi yake mwenyewe asitikisike, maana akitikisika jicho litamwona.

Shemeji aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Hatua mbili, taa ikawaka. Akasimama. Akatazama juu, chini, akamwona fundi na mikono yake juu.

"Mh," alisema, akarudi sebuleni. Wanaomjua wanajua hiyo ni sifa kubwa.

Akapita dada yake. Ikawaka.

"Haya, na mama," sauti ya shemeji ilisikika kule sebuleni.

"Mimi sina haja," alisema mama. "Mimi nimeshaizoea."

"Mama, ni wewe ndiye mwenye taa. Tukiona inakufaa, basi, nitakuacha kwa roho safi. Dada ni shahidi."

Kisha fundi akasikia fimbo. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Giza likarudi, giza zuri, giza alilolipigania mwenyewe kwa mikono miwili.

Fimbo iligonga. Mguu ukaburuzwa. Kimya. Fimbo ikagonga tena. Mama alikuwa amejifunga blanketi lake zito, asiloachana nalo tangu nyonga ilipoumia, kuanzia shingoni hadi chini ya magoti, na alikuja kwa mwendo ambao fundi hakuwahi kuuona kwa sababu hakuwahi kuuangalia: mwendo wa maji yanayopanda kwenye kitambaa. Kiganja chake kilisugua ukuta, shwaa, shwaa. Taa haikuwaka. Akafika katikati ya korido. Taa haikuwaka.

Mama hakujua kuna mtu. Alidhani blanketi la tundu limepigiliwa misumari, kama wafanyavyo watu wenye akili. Akasimama kule gizani, akavuta pumzi, akapaza sauti kuelekea sebuleni:

"Imewaka! Kama mchana!"

"Umeona kaka?" ilisikika sauti ya mke wa fundi, na furaha yake ilipenya mlangoni.

Fundi, mikono bado juu, akaanza kuhesabu. Asubuhi zote zile. Mikono ya baraka. Betri zisizopungua. Zingepunguaje?

Angeweza kunyamaza. Kesi ilikuwa imekwisha na wameshinda: mama angebaki, shemeji angeondoka na roho yake safi, maandishi ya kibandani yangebaki. Mwenyewe mama ndiye aliyetoa ushahidi. Alichohitaji fundi ni kutotikisika, na kwa kweli alikuwa ameshaanza kuizoea kazi hiyo.

"Mama," alinong'ona.

Fimbo iligonga ukuta. "Nani?"

"Mimi. Mkweo."

"Uko hapo muda wote?"

"Muda wote."

Wakakaa gizani, watu wazima wawili, kila mmoja amemkamata mwenzake.

"Basi usiseme," alinong'ona mama. "Ukisema napelekwa."

"Nisiposema utaanguka."

"Kuta nazijua sasa. Nahesabu milango."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unafurahi sana," alisema. "Na mimi nakula kwako, nalala kwako. Mgeni haambii wenyeji chumvi imezidi."

Fundi aliteremsha mikono. Mwanga wa tundu ukaingia, ukamkuta mama mkono mmoja ukutani, chokaa hadi kiwiko. Akampita kwa heshima, akaenda akafungua mlango wa sebule.

"Haikuwaka," alisema.

* * *

"Nilijua!" shemeji alikuwa ameshasimama. "Nilijua! Dada, kusanya nguo za mama."

"Mama umesema imewaka," alisema binti yake.

"Alinisitiri mimi," alisema fundi. "Taa inamwona kila mtu, inamwona hata paka. Haimwoni yeye. Nimempimia taa kwa mwili wangu, kama fundi cherehani aliyejipima mwenyewe halafu akamshonea bibi harusi."

"Basi hata kuificha aibu hujui," alisema shemeji.

"Sijui. Niliacha shule kabla ya somo hilo. Shemeji, nipe mpaka jioni. Ikikataa, mimi mwenyewe nitabeba mizigo ya mama mpaka ghorofani."

Shemeji aliangalia saa, akamwangalia dada yake, ambaye hakuwa amekwenda kukusanya nguo yoyote. Akaketi.

Fundi aligeuka kwa mama mkwe wake, na kile alichoshindwa kukisema wiki zote zile kikatoka, kibaya hivyo hivyo.

"Mama, naomba utembee. Unavyotembea kweli, siyo mbele ya wageni. Na mimi naomba nikuangalie."

Kisha akalala kifudifudi sakafuni, shavu juu ya saruji, jicho lake usawa ambao jicho lingine lingekaa.

"Yarabi," alisema mama. "Mkwe wangu ulale chini, mimi nikupite juu?"

"Usinipite juu, nipite kando. Twende."

"Huyu ndiye mhandisi!" alisema shemeji kochini.

"Kaka," alisema dada yake, "njoo ushike blanketi la tundu. Wewe ni mrefu."

Muuza vigae akaenda, na shati lake la ibada, akainua mikono chooni.

Kabla blanketi halijaziba tundu lote, kule chini fundi aliona alichotakiwa kukiona tangu mwanzo. Blanketi lilificha joto lote la mama. Lakini liliishia chini ya magoti, na hapo chini kulikuwa na miguu miwili mitupu, na mguu kila unapovutwa ulikatiza mbele ya uso wake. Jicho lile linapenda kitu kinachokatiza. Kinachokuja kikilielekea, taratibu, ndani ya blanketi, halikioni. Na yeye alilipigilia kifuani, mwisho wa korido, limtazame mtu anavyokuja kama mlinzi wa benki.

Akaling'oa. Akalishusha kando ya mlango wa mama, usawa wa kifundo cha mguu, likitazama ukuta wa pili. La pili, alilolitoa kwenye taa ya hoteli iliyomsubiri mwenyewe kibandani kwa muda mrefu (atamweleza), akaliweka kabla ya ngazi. Akaongeza muda wa kuzima, akauongeza tena, akamwomba mama arudie. Mama akarudia. Haikuwaka. Akasogeza. "Mikono inakufa ganzi huku!" shemeji alipiga kelele. "Vumilia kaka, ni ya mama," alijibiwa. Mama akarudia tena, akapumzika kwenye kiti, akarudia.

Mguu wake wa kulia ulipovuka kizingiti, sakafu ikawaka.

Mama alisimama. Hakutazama taa, alitazama chini, miguu yake, visigino vyake vyenye mipasuko, saruji mbele yake. Akaenda. Ukuta hakuugusa. Karibu na ngazi ikawaka ya pili, na mama akanyoosha fimbo.

"Kumbe pamemeguka," alisema. "Hapa kwenye ngazi. Ndipo paliponiangusha. Tangu siku ile sijapaona."

Shemeji aliinama kutazama, blanketi likimwangukia kichwani. Ukingo wa ngazi ulikuwa umelika kiasi cha kiganja. Alipapasa kwa kidole, kwa ustadi wa kazi yake.

"Nitaleta kigae," alisema hatimaye, chini ya blanketi. "Chenye kukwaruza, kisichoteleza." Akajitoa, akajikung'uta vumbi. "Mama, unabaki?"

"Nabaki."

"Basi baki. Lakini nitakuwa napita."

"Pita," alisema mama. "Mfuko wako uwe mweusi."

* * *

Asubuhi fundi hakuuliza. Alikunywa chai akitazama kikombe. Mkewe alikuwa akikata uzi. Mama alikuja, akaketi, akaweka fimbo, na fundi akamwona anajikohoza, yule mama wa "asante mwanangu" na "mikono ya baraka."

"Taa yako," alisema mama.

"Ndiyo, mama."

"Ya kwanza imewaka. Ya pili ilikawia, nikasimama pale naipungia mguu kama mwendawazimu. Na mwanga wake ni mkali wa buluu, miguu yangu imeonekana ya maiti. Halafu inazima nikiwa bado nimeketi kule, sasa narudije? Tena hiki kiti kinayumba, nilikuwa nakivumilia tu. Na uji wenu, mwanangu, mnaupika mwepesi mno. Sijaumwa meno mimi, nimeumwa nyonga."

Binti yake aliacha mkasi. Fundi alikuwa akitabasamu mpaka masikio yakasogea, na hakuweza kujizuia.

"Unacheka nini?" alisema mama. "Inuka. Kalete bisibisi kabla sijakumbuka mengine."